Asubuhi Moja Disneyland na Mtoto Mwoga

Mtoto mdogo haogopi lile aliogopalo mtu mzima. Mtu mzima huogopa urefu, kasi na kuanguka. Mtoto wa miaka mitatu au minne hucheka akirushwa juu na baba yake, kisha akalia kwa kumwona mtu aliyevaa kichwa cha panya. Hilo ndilo jambo la kwanza tutakalo wasomaji wetu walifahamu kabla hawajanunua tiketi, kwani aghalabu sisi wazazi huipanga siku ya mtoto kwa khofu zetu wenyewe, si kwa khofu zake.

Tumeona yafaa kuliandika hili kwa kuwa ndugu zetu si haba wamehamia Marekani, na jamaa huenda kuwatembelea; na likizo ikiwadia, neno la kwanza vinywani mwa watoto ni Disneyland. Bustani hiyo ipo Anaheim, katika jimbo la California, nayo ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Mwenyewe Walt Disney alipata kueleza kuwa wazo lilimjia alipokuwa ameketi juu ya benchi katika Griffith Park, mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao, naye hana la kufanya ila kutazama. Akatamani pawe na mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Nia ni njema. Lakini mambo mengi ya pale yamewekwa ndani ya giza, na giza ndilo adui wa mtoto wa umri huu.

Kabla ya kwenda mbele, yatupasa tukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika uwanja mmoja wa michezo ambao hatutautaja, tulikuwa na mwanetu wa miaka minne. Tulifika mlangoni pa nyumba moja ambayo watu huingia wamepanda vigari, naye akatuuliza, "Baba, ndani mna giza?" Tukamjibu, "Hamna, mwanangu, ingia." Kusema kweli tulikuwa hatujui, tulijibu vile ili watu waliokuwa nyuma yetu wasikasirike. Mlango ukafungwa, giza likatanda, na uso wa kutisha ukatoka ukutani. Kilio alicholia hatujakisahau. Hata hivyo kilio kilikwisha kabla hatujafika garini. Kilichobaki kilikuwa kingine. Kwa wiki nyingi baada ya siku ile, kila tulipofika penye mlango asioujua, hata wa duka la viatu, hata wa nyumba ya shangazi yake, alisimama na kuuliza, "Mna giza humo?" Tukimwambia hamna, humgeukia mama yake akamwuliza yeye. Giza lenyewe lilikuwa la dakika mbili tu.

Basi tukirudi kwa Disneyland, mzazi asidhani kuwa vibao vya kimo vilivyopo milangoni vitamwongoza. Kibao hupima mwili, moyo hakiujui. Space Mountain yataka mtoto awe na inchi 40, yaani sentimita 102, na Matterhorn, ule mlima wa vigari uliojengwa mwaka 1959, wataka inchi 42. Hiyo ni kwa ajili ya mikanda na viti. Lakini mashua za maharamia, Pirates of the Caribbean, zilizoanza mwaka 1967, hazina kipimo hata kidogo, nazo huporomoka mara mbili gizani. Na Haunted Mansion, nyumba ya mizimu iliyofunguliwa mwaka 1969, humpokea hata mtoto wa kubebwa: watu huingizwa katika chumba, mlango hufungwa, kuta huonekana kurefuka, kisha taa huzimika na radi ikalia. Mzazi asomaye kwamba watoto wa kila kimo waruhusiwa, akaelewa kwamba yawafaa watoto wote, amesoma asilolisoma.

Wenye bustani wenyewe wamejifunza jambo hili kwa muda mrefu, na kisa cha Snow White chastahiki kusimuliwa. Mchezo huo ulikuwapo tangu mwaka wa kufunguliwa, 1955. Waliouunda walikusudia kuwa mpandaji ndiye awe Snow White, yeye ndiye akimbizwaye msituni, yeye ndiye apewaye tofaa la sumu. Kwa hivyo yule binti hakuwekwa ndani. Watu wakatoka wakiuliza, Snow White yuko wapi? Walichokiona ni bibi mwovu tu, akiwatokea kila penye kona. Mwaka 1983 ulipotengenezwa upya, binti alitiwa, na katika jina la mchezo likaongezwa neno la kuonya kuwa watisha. Mwaka 2021 wakaubadili tena pamoja na jina, safari hii vitisho vikapunguzwa na furaha ikazidishwa. Imewachukua miaka 66 kufika hapo. Sisi wazazi twataka mtoto afike kwa asubuhi moja.

Hapa twakumbuka kazi ya bibi mmoja mtaalamu wa Kimarekani, Mary Cover Jones, aliyoichapisha mwaka 1924. Alikuwa na mtoto wa kiume wa umri upatao miaka mitatu, ambaye alimwita Peter, aliyeogopa sungura kupita kiasi. Hakumshika kwa nguvu akamsogeza kwa sungura, wala hakumcheka. Alimketisha ale chakula akipendacho, na sungura akawekwa ndani ya tundu, mbali. Siku zikapita, tundu likasogezwa kidogo kidogo, kwa kadiri mtoto alivyoweza kustahimili. Na mara nyingine waliletwa watoto wengine wasioogopa, wacheze na sungura huku yeye akitazama. Mwisho wake Peter alimwacha sungura amng'ate ng'ate vidole. Katika maneno yote yaliyoandikwa juu ya khofu za watoto, hatujaona lililo jepesi na lenye faida kuliko hili: umbali, chakula, na mwenzake wa kumtazama.

Na asubuhi ya bustani yaweza kupangwa vivyo hivyo. Fikeni mapema, kabla ya wakati wa kufunguliwa, maana saa za kwanza safu ni fupi na makelele ni machache, na mtoto mwoga huchoshwa na kungoja zaidi kuliko mchezo wenyewe. Wa kwanza na awe farasi wa kuzunguka, walioko uani nyuma ya ngome. Wako nje, mwangani, mtoto huwaona wakizunguka mzunguko mzima kabla hajapanda, naye mwenyewe huchagua farasi wake. Tena simameni mkatazame. Asipotaka kupanda, kutazama pia ni kucheza. Kisha tembo warukao wa Dumbo, nao wako nje, na ndani ya kila tembo mna kishikio cha kumpandisha na kumshusha. Mwambieni mtoto mapema kuwa kishikio ni chake. Mtoto ajuaye kuwa aweza kushuka hupenda kupanda.

Baada ya hapo ndipo muingie ndani ya jengo, na jengo la kwanza na liwe lile la mashua na vikaragosi vya watoto wa mataifa waimbao, ambalo lilitengenezwa kwa maonyesho ya New York ya mwaka 1964 na kuhamishiwa Disneyland mwaka 1966. Mna taa tele ndani, na hakuna kinachorukia watu. Wimbo wake utakaa masikioni mwenu hadi usiku. Hilo hatuna dawa yake.

Kuna mitego miwili ambayo humpata mzazi mwema asiyejua. Wa kwanza ni treni. Nani angeidhania treni? Huzunguka bustani nzima, na mtoto hufurahi kwa moshi na kengele. Lakini kati ya stesheni ya Tomorrowland na ile ya mlangoni mna njia ya gizani yenye wanyama wakubwa wa kale, wakipigana huku moto ukiwaka. Shukeni Tomorrowland, na mtoto wenu atabaki akiipenda treni. Wa pili ni vile vijahazi vya Storybook Land. Safari ni ya upole kabisa, vijumba vidogo na miti midogo, lakini mwanzo wake hupita kinywani mwa nyangumi. Mwonyesheni nyangumi huyo kutoka ng'ambo, na mashua ziingiazo na kutoka salama, ndipo mwulize.

Wale wavaao vichwa vikubwa vya wanyama msimsukumie mtoto kwa ajili ya picha. Simameni hatua kumi, nyinyi mwamkie kwanza, aone kuwa mmerudi na mikono yenu yote. Na ikiwa mna mtoto mkubwa apendaye vya kasi, waulizeni watumishi wa mlangoni: mzazi mmoja huruhusiwa kupanda naye huku mwingine akibaki na mdogo, kisha wakabadilishana bila ya kuanza safu upya. Hivyo mkubwa hamwoni mdogo wake kuwa mkosi.

La fedha nalo tuliseme. Asiyetimiza miaka mitatu huingia bila ya kulipiwa, lakini tiketi za waliobaki ni ghali, na ughali huo ndio uwafanyao watu wazima waburure mtoto kutoka mlango hadi mlango ati fedha isipotee. Mkipata vitu vitatu na chakula kabla ya adhuhuri, mkaondoka mtoto angali anacheka, mmepata mlichokilipia. Mwisho wa barabara kuu pana nyumba ya kuwahudumia watoto wachanga, tulivu, ya kumpumzishia kabla ya kwenda zenu.

Mwaka uliopita tulikwenda huko na yule mwanetu, ambaye sasa ana miaka tisa, pamoja na dada yake wa miaka minne. Farasi walikwisha, tembo walikwisha, tukapita mbele ya mlango wa Snow White. Binti akasimama, akashika kanzu ya mama yake, akauliza, "Ndani mna giza?" Kabla sisi hatujafungua kinywa, kaka yake akamjibu: "Ndiyo, mna giza, na bibi mwovu yumo. Si wa kweli, lakini yumo." Binti akafikiri kidogo, akasema, "Basi turudi kwa farasi." Tukarudi, naye akachagua farasi yule yule wa kwanza.