Venice na mamako? Lala siku mbili

Binamu yangu anayesoma Padova ameniuliza: mamake akija kutoka Nakuru, wakae Venice siku ngapi? Hela ni za kubana. Venice ni kama nusu saa kwa treni, kwa hivyo anataka waende asubuhi, warudi jioni.

Nikamwambia zii. Mwenyewe alienda hivyo mwaka jana akarudi amenuna. Saa sita mchana mji ule ni kusukumana tu, kutoka stesheni hadi uwanja wa San Marco. Mama wa watu atapiga picha mbili, miguu iwake moto, aseme ameona maji. Tena tangu Aprili 2024, mgeni asiyelala hutozwa ada siku za watu wengi. Anayelala halipi hiyo, ingawa hoteli humkata kodi ya kila usiku.

Wakilala siku mbili, wataona mji ukitulia jioni umati ukishaondoka. Kesho yake wapande boti hadi Burano, kwenye nyumba za rangi. Tiketi moja ni yuro 9.50 kwa dakika 75, heri wachukue ya siku nzima. Vyumba vya Mestre, ng'ambo ya daraja, ni nafuu, lakini hapo ile jioni yenyewe umeikosa.

Siku nne? Labda kama pesa inakuwasha.

Binamu ameanza kutafuta mnunuzi wa baiskeli yake.