Kushirikishana Mafaili Ofisini Bila Kuzima Ukuta wa Moto



Muumini anafika ofisi ya parokia mjini Tunduma akihitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Kumbukumbu zake zimo kwenye kompyuta ya katibu, lakini kompyuta ya paroko, chumba cha pili, haizioni. Fundi anazima ukuta wa moto, faili linaonekana, wote wanashukuru. Hapo mlango umeachwa wazi.

Ukuta wa moto ni programu inayokagua data zinazoingia na kutoka kwenye kompyuta. Sisi wa mpakani tunaielewa kazi hiyo: malori ya kwenda Zambia hukaguliwa Tunduma na Nakonde, na foleni ikiwa ndefu hatubomoi geti. Mageti ya kompyuta huitwa poti. Windows hushirikisha mafaili kupitia poti namba 445. Mifumo ya zamani hutumia pia 137 hadi 139.

Tufanye hivi:

1. Tuiambie kompyuta kwamba mtandao wa ofisi ni binafsi, si wa hadharani. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

2. Kwenye mipangilio ya ukuta wa moto, turuhusu kushirikisha mafaili na printa kwa mtandao binafsi tu.

3. Kila mtumiaji awe na nywila yake. Anayehitaji kusoma tu asipewe ruhusa ya kubadili.

4. Kwenye ruta, poti 445 isifunguliwe kamwe kuelekea intaneti. Paroko aliye safarini Vwawa atumie VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

Mwezi Mei 2017 kirusi WannaCry kilipitia udhaifu wa huduma hii hii, kikafunga mafaili ya hospitali na ofisi nyingi duniani na kudai fedha. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa.

Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, navyo vitunzwe kwa uangalifu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu nchini. Kitabu cha ubatizo hatukiachi barazani usiku. Nakala yake ya kompyuta nayo tusiiache.