Redio ya Meli Kabla ya Kugawa Mirathi

Pwani redio ya melini si kitu kigeni. Wazee wetu wengi walikuwa mabaharia. Lakini zipo pia zilizopanda mlima pamoja na wenyewe, zikakaa juu ya makabati ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, mbali kabisa na bahari.

Mjane mmoja wa Nyeri ametuuliza juu ya redio ya namna hiyo aliyoiacha mumewe. Mchuuzi wa vyuma chakavu ameipima kwa kilo. Mwana mkubwa ataka iuzwe leo. Binti mdogo, ambaye hajabaleghe, alia iachwe.

Redio hiyo ni mali ya warithi wote. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mama ana thumni yake na watoto mafungu yao. Fungu la yatima halitolewi zawadi na yeyote, hata mama mzazi. Kwa hiyo bei yake sharti ijulikane kabla haijatoka mlangoni.

Na bei hiyo haimo katika uzito. Mpokezi wa melini alitega sikio katika masafa ya kilohezi 500, yaliyokuwa ya kuomba msaada. Mara mbili kila saa, dakika 3 kila mara, meli zote zilinyamaza ili asikike aliye hatarini. Kazi hiyo iliachiwa mitambo mipya mwaka 1999. Ajuaye hutazama kwanza kibati cha mtengenezaji, Marconi au Eddystone wa Birmingham, na nambari yake. Kisha kama valvu za kioo na vifundo ni vya asili. Msiipake rangi. Picha ya marehemu akiwa melini, au kitabu chake cha kazi, visitenganishwe nayo, kwani huongeza thamani.

Wala msiiwashe! Meli nyingi za zamani zilitumia umeme wa mkondo mnyoofu, si huu wa majumbani, na baadhi ya redio hizo hata chuma chake huweza kumpiga mtu. Ukungu wa mlimani nao huziharibu nyaya. Atafutwe fundi anayezijua valvu; wa simu za mkononi hatafaa.

Waulizwe watu wawili wajuzi wasiotaka kuinunua. Bei ikishapatikana, binti aweza kupewa redio ndani ya fungu lake, au kaka ainunue na kuwalipa wenziwe. Ikiuzwa nje, mnunuzi aelezwe kila kilichobadilishwa ndani. Ikibaki nyumbani haina zaka. Mwenye kuzikusanya kwa biashara ndiye azihesabu kila mwaka pamoja na bidhaa zake.