Sitara ya Ua

Kila mwenye kufuata mashauri ya ardhi vijijini amekwisha kuyasikia maneno haya: "Jirani ameniingilia mpakani." Wazee huitwa, kamba hunyoshwa, hatua huhesabiwa, na mara nyingi huonekana ya kuwa mpaka upo palepale ulipokuwa. Lakini ugomvi hauishi. Mlalamikaji hurudi kwake amenuna, na baada ya mavuno huja tena na shauri lilelile. Sisi twaona ya kuwa mtu huyo hakuwa akidai hatua mbili za udongo. Alikuwa akidai sitara, wala hakujua dai hilo alipeleke wapi, ndiyo maana akalivika nguo ya mpaka.

Na tuzitazame nyumba mbili katika kijiji chochote cha bara. Nyuma ya nyumba ya kwanza mna ua wa mabua ya mtama, na ndani yake jiko, choo, na bafu lisilo na paa. Jirani, katika eneo lake la halali, ajenga nyumba ya matofali ya kuchoma mahali palipoinuka kidogo, na kutoboa dirisha linalotazama bafuni. Au afyeka minyaa ya mpakani apate njia ya mkokoteni. Au afungua kilabu cha pombe, na wanywaji wakajitafutia pa kujisaidia gizani. Hakuna bua moja la mahindi lililong'olewa, wala jiwe lililosogezwa. Hata hivyo mama wa nyumba ile sasa huoga usiku, na binti zake huenda chooni wawili wawili. Akilalamika huambiwa kwa mzaha kwamba macho hayana pazia. Msemo huo ni wa zamani na tunaujua, ila tumeona kwamba wanaoupenda zaidi ni wale wenye kuchungulia.

Haikuwa hivi tangu awali. Sehemu nyingi za nchi hii mtu alijenga katikati ya shamba lake, na mahindi au migomba ndiyo iliyokuwa ukuta wake. Mgeni alipiga hodi kabla hajaona hata moshi wa jiko. Kisha, mwezi wa Novemba 1973, ikatolewa amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wakiishi vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihama, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji vipate kuwa karibu, na pengi vilipatikana. Lakini nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na watu waliozoea kutenganishwa na shamba zima wakajikuta wakitenganishwa na uchochoro. Tangu siku hizo watoto na wajukuu wameongeza nyumba zao katika viwanja vilevile, na ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki imejaa.

Huko Kilimanjaro Wachagga hupanda masale katika mipaka ya vihamba. Sale ndilo jani ambalo mtu hulichukua aendapo kuomba msamaha, kwa hiyo kuling'oa mpakani si jambo dogo. Twaipenda desturi hiyo. Walakini sale huonyesha mpaka tu, haliwezi kuzuia jicho. Kilichowasitiri watu huko ni migomba, na kila migomba inapokatwa ili kijana ajenge, pazia la watu wawili huanguka kwa panga moja.

Sheria haikunyamaza kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba yasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wenye nyumba za mjini peke yao. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu kati yao wasipungue kuwa wanawake. Baraza hilo kazi yake ni kupatanisha, si kulazimisha. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 hata Baraza la Kata limebakiwa na kupatanisha tu, nalo limepewa siku 30. Likishindwa, shauri huenda wilayani, na huko ndiko nauli na siku za kazi hupotea.

Wapo waonao upungufu katika baraza lisilo na nguvu ya kulazimisha. Kwa shauri la namna hii sisi twaona ni faida. Baraza la kupatanisha halifungwi na kamba ya kupimia. Laweza kuondoka ofisini, likaenda kusimama uani wakati wa jioni, saa za kuoga, likaona kwa macho yake kinachoonekana. Hapo ndipo wale wajumbe wanawake wana kazi kubwa, maana mama wa nyumba atawaambia wao mambo asiyoweza kuyatamka mbele ya wazee na mwenyekiti.

Wala tusimwonee aliyejenga. Naye ahitaji mwanga na upepo, na pengine mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyelisogeza bafu lake hadi mpakani, au ana kisa cha zamani anachokitafutia pa kutokea. Ndiyo sababu haifai kuamua kabla ya kwenda kuona. Mara nyingi dawa ni nyepesi: dirisha liinuliwe lipite kichwa cha mtu, mlango wa kilabu ugeuzwe na choo kichimbwe, aliyefyeka minyaa aipande tena. (Minyaa tunaisifu kwa sababu nyingine pia: utomvu wake huunguza macho.) Mapatano yaandikwe, kila mmoja atie sahihi au dole gumba, na nakala ibaki kijijini. Na kwa kuwa minyaa iliyochomekwa leo haimsitiri mtu kesho, yaandikwe humohumo ni nani atakayeleta mabua ya kuziba pale mpaka ua usimame.