Uhuru: Jicho Lililorushwa Kutoka Bahari ya Ngomeni

Wenyeji wa pwani ya Kenya wamezitazama nyota tangu kale. Mkulima alingoja Kilimia kionekane ili ajue majira ya kulima, na nahodha wa jahazi, akiwa mbali na nchi kavu, aliishika njia yake usiku kwa nyota alizozijua kwa majina. Wataalamu wa falaki wa nchi za mbali walikuwa na darubini kubwa kuliko macho ya nahodha, lakini kwa karne nyingi wao na nahodha huyo walikuwa sawa katika jambo moja: waliziona zile nyota tu ambazo nuru yake huweza kuonekana kwa jicho la mwanadamu. Mambo mengine mengi yaliyokuwa yakitendeka mbinguni yaliwapita bila kujulikana.

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea mwaka wa 7 tangu kupata uhuru wake, roketi moja iliondoka juu ya jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilichukua chombo kidogo chenye uzito wa kilo 142 hivi, ambao si zaidi ya uzito wa watu wazima wawili. Chombo hicho kiliitwa Uhuru, na hapana kitabu cha falaki cha siku hizi kisichokuwa na deni kwa yale kilichoyaona.

MIALI ISIYOFIKA CHINI

Watu wengi wanaijua eksirei kwa kazi yake ya hospitali. Miali yake hupenya nyama ya mwili, nayo mifupa huizuia, hata daktari akapata kuiona picha ya mfupa uliovunjika. Miali ya namna hiyo hiyo hutoka pia mbinguni, mahali penye hewa iliyopata moto wa mamilioni ya digrii. Mtu atakayeweza kuiona miali hiyo ataweza kujua ni wapi mambo makali kuliko yote yanapotendeka.

Lakini miali hiyo haifiki duniani. Ijapokuwa hupenya mwili wa mtu, haiwezi kuipenya hewa yote inayoizunguka dunia, kwa kuwa hewa hiyo, tangu juu hata chini, ina uzito ulio sawa na maji yenye kina cha mita 10. Jambo hili ni heri kwa viumbe vyote, kwani miali ile ingewadhuru. Kwa mtaalamu wa nyota, hata hivyo, hewa hiyo ni kama pazia zito lililofunga dirisha, wala kuipanda milima mirefu hakumfai kitu. Hapana budi chombo chake kipelekwe juu ya hewa yenyewe.

Jambo hilo lilijaribiwa mwezi wa Juni, 1962, na wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia. Walirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico, nao walitumaini kuona kama mwezi unatoa miali ya eksirei kwa kupigwa na jua. Mwezi haukuwaonyesha kitu. Badala yake vyombo vyao vilipokea miali mikali kutoka upande wa kundi la nyota liitwalo Nge, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeitazamia. Roketi ile ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, kisha ikaanguka.

Kwa miaka 8 iliyofuata kazi iliendelea kwa njia hiyo. Kila roketi ilipewa dakika chache, na sehemu zilizojulikana kutoa miali ya eksirei zikafika makumi machache. Ilikuwa kama mtu aliyeingizwa katika nyumba kubwa yenye giza, akapewa kijiti kimoja cha kiberiti ahesabu vyumba vyake. Wataalamu walihitaji chombo cha kukaa juu kwa miezi na miaka.

KWA NINI NGOMENI?

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini chombo cha Wamarekani kilirushwa kutoka pwani ya Kenya, nao wana viwanja vikubwa vya roketi kwao? Jibu linapatikana katika umbo la dunia na mwendo wake.

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mahali inapokwenda kasi kuliko pote ni katika ikweta, ambako kila kitu huchukuliwa kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta huupata mwendo huo bure, kama mtu arukaye mbele kutoka katika gari liendalo. Ngomeni ni digrii 3 tu kusini ya ikweta. Tena mbele yake, upande wa mashariki, ni Bahari ya Hindi tupu. Vipande vya roketi vikianguka, huanguka majini mbali na makao ya watu. Sababu ya tatu ni kwamba chombo kinachoizunguka dunia juu ya ikweta, kwa kimo kisicho kikubwa sana, huepukana kwa sehemu kubwa na ule ukanda wa miali mikali uliozuiliwa na nguvu za sumaku za dunia, ambao ungevivuruga vyombo vyake vya kuhesabia.

Aliyeyatambua mema ya mahali hapo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye pia alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Italia. Chini ya uongozi wake majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita, yalisimamishwa juu ya miguu ya chuma katika maji ya Ngomeni. Roketi iliwekwa juu ya la kwanza, na waongozaji wakakaa katika la pili, na nyaya zilizopitishwa chini ya bahari zikayaunganisha yote mawili. Roketi ndogo za majaribio zilirushwa hapo tangu mwaka 1964, na tarehe 26 Aprili, 1967, chombo cha Waitaliano kiitwacho San Marco 2 kikapaa na kuizunguka dunia. Kwa hiyo, wakati Wamarekani walipotafuta mahali pa kurushia chombo chao cha eksirei, mahali palikuwa tayari, na mafundi wa Italia walikuwa wameshaijua kazi.

JINA LA CHOMBO

Msimamizi wa mradi huo upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Bibi Marjorie Townsend, mhandisi wa shirika la NASA. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza katika shirika hilo kusimamia kurushwa kwa chombo cha angani. Katika karatasi za ofisi chombo chake kilijulikana kwa herufi na tarakimu tu. Kwa kuwa siku ya kukirusha iliangukia sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa kuwashukuru wenyeji waliowapokea, Bibi Townsend alikipa jina la Kiswahili ambalo siku ile lilikuwa midomoni mwa kila mtu nchini.

Chombo chenyewe kilikuwa cha namna nyepesi kueleweka. Kilibeba vyombo viwili vya kuhesabia miali, vilivyopeana migongo, kimoja kikitazama sehemu nyembamba ya mbingu na kingine sehemu pana zaidi. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kama taa ya mnara inayowaongoza mabaharia, ila chenyewe hakikutoa nuru bali kilipokea. Kila kilipojizungusha kilipitia utepe mmoja wa mbingu. Baadaye wataalamu walikielekeza upande mwingine kwa kutumia sumaku zake, zilizosukumana na sumaku ya dunia, na utepe mwingine ukapitiwa. Kwa njia hiyo mbingu yote ilikaguliwa sehemu kwa sehemu, kama mtu afagiavyo ua.

NYOTA ZINAZOKULANA

Katika mwaka wa kwanza yalionekana mambo ya kushangaza. Sehemu moja katika kundi la nyota liitwalo Centaurus ilikuwa ikitoa miali kwa mapigo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, kama moyo wa mtu uendao polepole sana. Tena kila baada ya siku 2 na saa 2 hivi mapigo yalikoma kabisa kwa muda wa karibu saa 12, kisha yakaanza upya. Maana yake ilifahamika. Kulikuwa na nyota mbili zinazozungukana, na ile kubwa ilipopita mbele iliificha ile ndogo, kama mwezi unavyolificha jua wakati wa kupatwa.

Ile nyota ndogo ni ya ajabu. Ni mabaki ya nyota kubwa iliyokwisha kulipuka. Uzito wake ni zaidi ya uzito wa jua, na upana wake ni kilomita 20 hivi tu, hata ingeweza kuwekwa baina ya Malindi na Ngomeni na nafasi ikabaki. Kwa nguvu za uvutano wake huinyang'anya jirani yake hewa ya moto. Hewa hiyo inapoanguka hupata kasi, kama maji ya maporomoko, na kwa kusuguana hupata moto wa mamilioni ya digrii. Hapo ndipo miali ya eksirei inapotoka.

Jambo kubwa zaidi lilionekana katika kundi la Cygnus, mahali ambapo wataalamu hupaita Cygnus X-1. Miali ya huko haikuwa na mapigo ya taratibu. Iliwakawaka ovyo, ikibadilika katika sehemu ndogo ya sekunde moja. Kitu kibadilikacho upesi namna hiyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwani hata nuru yenyewe huhitaji muda kukipita toka upande mmoja hadi wa pili. Mwaka 1971 na 1972 wataalamu wa Uingereza na Kanada waliielekeza darubini kwenye nyota moja ya buluu iliyoko hapo, wakakuta inazungukana na mwenzi asiyeonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Uzito wa mwenzi huyo ulikuwa mkubwa mno kuwa wa nyota ndogo ya namna ile ya Centaurus. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha kwamba ni kama mara 21 ya uzito wa jua.

Kitu kizito namna hiyo kilichobanwa mahali padogo huitwa shimo jeusi, kwa sababu uvutano wake hauruhusu hata nuru kutoka. Miali iliyopokewa na Uhuru hutoka katika hewa inayozunguka ukingoni, kabla haijamezwa. Hapo kwanza mashimo meusi yalikuwa hesabu za karatasini, na wataalamu wengi walisita kukubali. Stephen Hawking wa Uingereza mwaka 1974 aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakiri kuwa ameshindwa.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwezi wa Machi, 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na sehemu 339 zitoazo miali ya eksirei. Mwaka 1979 chombo kilirudi katika hewa ya dunia kikaungua. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Nishani ya Nobel kwa kuianzisha elimu hiyo.

MAJUKWAA YALIYOBAKI

Kwa jumla vyombo 9 vilipelekwa kuizunguka dunia kutoka Ngomeni, na cha mwisho kilipaa mwezi wa Machi, 1988. Baada ya hapo roketi zilinyamaza. Vituo vya nchi kavu viliendelea kuwasiliana na vyombo vya angani, na mahali hapo pakapewa jina la Profesa Broglio, lakini bahari ya Ngomeni haikusikia tena ngurumo ile.

Kenya nayo ilianza kuwa na vyombo vyake. Shirika lake la mambo ya anga za juu liliundwa mwaka 2017. Mwaka 2018 chombo kidogo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiliachiliwa kutoka katika kituo cha kimataifa cha angani, na mwezi wa Aprili, 2023, chombo kiitwacho Taifa-1 kikarushwa kutoka California, Marekani. Hapo kuna jambo la kufikiri. Mwaka 1970 wageni walivuka bahari na chombo chao ili wakirushe kutoka Kenya. Na baada ya zaidi ya miaka 50 Wakenya walivuka bahari na chombo chao ili wakirushe kutoka kwa wageni. Ikweta haikuhama, wala Bahari ya Hindi haikujaa watu. Kilichokosekana si mahali, bali ni mafundi, mitambo, na mali ya kuviendesha. Katika hayo matatu, la kwanza ndilo huchukua muda mrefu kuliko yote kulipata, nalo huanzia katika darasa la hesabu.

Katika mwezi wa Septemba, yapata saa tatu za usiku, mtu akisimama ufukoni Ngomeni na kuelekea kaskazini, ataliona kundi la Cygnus juu, mbali kidogo kupita nusu ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Ile nyota ya buluu hataiona kwa macho matupu, ingawa darubini ndogo yatosha kumwonyesha. Mwenzi wake hataonekana kwa darubini yoyote. Alijulikana kwa sababu siku moja ya Desemba jicho dogo lenye jina la Kiswahili lilipandishwa kutoka maji yale yale yaliyo mbele yake.