Idadi ya Marejeleo na Uhai wa Mgonjwa: Namna ya Kupima Uzito wa Tafiti za Selimundu

Katika vyuo vikuu, uzito wa kazi ya mtafiti hupimwa zaidi kwa kuhesabu mara ambazo makala zake zimerejelewa na watafiti wengine. Hesabu hiyo hutumika kupandisha vyeo, kugawa fedha za utafiti na kumtambulisha mtaalamu mbele ya umma. Kwa mhudumu wa afya na mgonjwa, swali la msingi ni jingine: hesabu hiyo inaeleza nini kuhusu uhai wa mtu mwenye selimundu, yaani sikoseli?

Kipimo chenyewe

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa faharasa ya h. Mtafiti mwenye faharasa ya 20 ni yule ambaye makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja. Kipimo hiki kina busara yake: makala moja iliyovuma haitoshi kumpandisha mtafiti, wala rundo la makala zisizosomwa halimfai kitu. Hata hivyo, humpendelea aliyeanza kazi mapema, na hakitofautishi makala iliyorejelewa kwa kuungwa mkono na ile iliyorejelewa kwa kukosolewa.

Mfano kutoka Muhimbili

Profesa Julie Makani wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, bingwa wa magonjwa ya damu, alitunukiwa Tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake kuhusu selimundu. Mwaka huohuo yeye na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS ONE matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,725 walioandikishwa jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2004 na 2009. Kwa jumla, vifo vilikuwa 1.9 kwa kila wagonjwa 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, vilifikia 7.3. Aliyeandikishwa akiwa na himoglobini iliyo chini ya gramu 5 kwa desilita alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki.

Makala ya namna hii hurejelewa kwa sababu takwimu za wagonjwa wa Afrika waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa zilikuwa haba. Lakini msomaji makini atatambua pia kwamba mtoto aliyefariki kabla ya kugunduliwa hakuweza kuingia katika daftari hilo. Hapo ndipo hoja ya kupima watoto wachanga inapopata nguvu yake.

Kurejelewa sana si kueleweka vyema

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha katika British Medical Journal ushahidi kwamba aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Makala hiyo ni miongoni mwa zinazojulikana sana katika fani hii, na bado hueleweka visivyo. Kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, anapopata malaria huweza kupungukiwa damu kwa kasi na kufariki. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe mgonjwa “hashikwi na malaria” amepewa taarifa ya hatari. Mtoto huyo anahitaji chandarua, dawa ya kinga kwa mujibu wa mwongozo wa nchi, na kupimwa mapema kila apatapo homa.

Kutoka jaridani hadi kliniki

Mwaka 2019, New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa haidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda. Baada ya kuanza dawa, matukio ya maumivu yalipungua kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kila makala inayorejelea matokeo hayo huongeza hesabu ya watafiti. Mtoto anayepewa dawa hiyo katika hospitali ya wilaya haongezi chochote katika hesabu hiyo, ingawa kwa ajili yake ndipo utafiti ulipofanywa.

Kwa hiyo, anayesoma sifa za mtafiti hana budi kuuliza: wagonjwa waliochunguzwa walikuwa akina nani? Walifuatiliwa kwa muda gani? Je, matokeo yamethibitishwa na wengine, na yameingia katika mwongozo wa tiba? Mgonjwa naye, anapoombwa kushiriki utafiti, ana haki ya kuuliza matokeo yatamrudia kwa njia gani na kwa lugha ipi.