Kuinua Gari na Uchakavu wa Ekseli katika Njia za Bondo

Mji wa Bondo, katika Kaunti ya Siaya, umeunganishwa na Kisumu kwa lami inayopitia Kisian, lakini njia nyingi zinazoiacha lami hiyo na kushuka kwenye fukwe za Ziwa Victoria, ambako omena na mbuta hupakiwa, ni za murramu, na mabondeni hupita juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata mvua inaponyesha. Ndiyo maana wenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne huyapeleka kwa mafundi yainuliwe, yaani springi zibadilishwe kwa nyingine ndefu zaidi, au spesa za chuma ziongezwe juu yake, ili bodi ipande kwa sentimita 5 hivi. Jambo ambalo aghalabu huachwa bila kuelezwa ni kwamba athari ya kazi hiyo kwa ekseli hutegemea zaidi aina ya ekseli yenyewe kuliko ubora wa springi.

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ina ekseli ngumu mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja wa chuma unaotoka gurudumu hadi gurudumu, huku difu, ile seti ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ikiwa ndani ya mhimili huo. Kwa kuwa mhimili umebebwa na magurudumu, wala si bodi, springi ndefu huinua bodi na kuiacha difu palepale ilipokuwa, na tope lililokuwa likiikwangua litaendelea kuikwangua. Kinachoiinua ni tairi kubwa pekee.

Kinachobadilika katika gari la namna hiyo ni pembe ya propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu kupitia jointi za msalaba. Jointi hiyo, ambayo Robert Hooke aliichunguza katika karne ya 17, ina kasoro ya kimaumbile, kwa sababu ikipinda, shafti inayosukumwa huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, kwa takriban asilimia 1.5 ikiwa pembe ni nyuzi 10, na asilimia 6 ikiwa ni nyuzi 20. Pembe za ncha mbili za propela zikilingana, kasoro hizo hufutana. Lakini ekseli ya mbele inayoshikwa na mikono mirefu huzunguka kidogo bodi inapoinuliwa, pembe zikaacha kulingana, na mtetemo unaozaliwa hapo huifikia beringi ya pinioni, gia inayopokea nguvu kwenye difu, pamoja na sili yake, hadi mafuta yaanze kuvuja.

Katika Prado za tangu 1996 hali ni kinyume, kwa kuwa kila gurudumu la mbele hujitegemea na difu ya mbele imefungwa kwenye fremu, hivyo gari likiinuliwa difu nayo hupanda kweli. Gharama huhamia kwenye shafti fupi za magurudumu. Shafti yenye urefu wa sentimita 40 kati ya jointi zake, ncha yake moja ikipanda sentimita 5, huongeza pembe ya nyuzi 7 hivi, nayo hukaa hivyo kutwa nzima, hata gari likienda taratibu kwenye lami. Ndani ya jointi ya nje, ambayo mafundi huiita sivi, tufe za chuma hupita katika mifereji iliyochongwa kwa usahihi mkubwa. Pembe ikizidi, tufe hizo husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko, na joto hupanda. Mikunjo ya raba inayofunika jointi husuguana hadi ipasuke, grisi hurushwa ikachora alama nyeusi upande wa ndani wa rimu, vumbi la murramu huingia mahali pake, na baada ya muda mlio wa tik-tik husikika usukani unapokatwa hadi mwisho. Spesa inayowekwa juu ya shokomzoba, kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi, ni mbaya zaidi kuliko springi ndefu, kwa sababu huliruhusu gurudumu kuning’inia chini kupita mpaka uliowekwa na kiwanda.

Tairi kubwa nazo zina bei yake, kwani nusukipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10, shafti hulazimika kubeba msokoto uliozidi kwa asilimia 10 ili tairi lisukume ardhi kwa nguvu ileile, na ni msokoto huo, hasa gurudumu lililokuwa likizunguka bure kwenye tope linaposhika ghafla, unaovunja shafti ya ekseli ngumu.

Zaidi ya hayo, gari lililoinuliwa humshawishi dereva kuingia katika maji yenye kina kirefu zaidi, ilhali difu ya ekseli ngumu haikupanda hata kidogo. Difu iliyopata joto ikizama majini hupoa ghafla, hewa iliyomo husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia sili au tundu la kupumulia. Mafuta hugeuka rangi ya maziwa na beringi huanza kuliwa na kutu. Bomba jembamba la mpira, linalounganishwa na tundu hilo na kupandishwa hadi ndani ya boneti, huipa difu njia ya kuvuta hewa badala ya maji, nalo linafaa kufungwa siku ileile springi zinapobadilishwa.